Antena Zilizotazama Unguja

Kabla ya mwaka 1994, ukipanda juu ya ghorofa yoyote ya Upanga ukazitazama antena za televisheni, hukuhitaji dira. Zote zilielekea kaskazini. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, kwa hiyo aliyekuwa na seti Dar es Salaam alinasa picha za Unguja, ng'ambo ya maji, kilomita 70 na ushee. Ufundi nimejifunzia kwenye antena hizo. Vijana wanaoleta ving'amuzi kwenye kibanda changu Magomeni hudhani televisheni imekuwa hivi siku zote: unalipa, unaona, hujalipa, unasoma maandishi kwamba kifurushi kimekwisha. Nawaambia kulikuwa na zama nyingine, na zilidumu karibu miaka 40.

Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, wakati wa Rais Aboud Jumbe, na ilianza moja kwa moja kwa rangi. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, lakini ilikuwa nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, na utajiri wake wote wa dhahabu, ilianza matangazo ya kitaifa Januari 1976. Kisiwa cha karafuu kilikuwa kimeshawatangulia. Wazanzibari wa rika langu hawakosi kulitaja hilo kila wapatapo nafasi, na sioni wa kuwazuia.

Huku Bara, Mwalimu Nyerere hakuitaka. Aliiona televisheni kuwa anasa ya watu wachache wa mjini, ilhali redio ingeweza kumfikia mkulima wa pamba Shinyanga na mvuvi wa Mafia kwa betri mbili. Sina ugomvi na hoja hiyo hata leo, ingawa iliwanyima mafundi wateja. Waliokuwa na seti walikuwa mabalozi, wakubwa serikalini, wafanyabiashara wa mjini, na baadaye, deki zilipoingia miaka ya 80, mtu yeyote aliyefanikiwa kuleta televisheni kutoka nje ili atazame kanda za filamu za Kihindi na za karate. Lakini mwenye deki naye hakuchelewa kuuliza: fundi, na Unguja je, haishiki?

Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa fundi wa redio Kariakoo. Antena alizitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya alumini. Urefu wa kila kijiti ulitegemea masafa ya kituo: masafa ya chini yanataka vijiti virefu, ya juu yanataka vifupi, na ukikosea kidogo tu unashika kelele badala ya picha. Alikuwa na fito aliyoichonga alama, hakutumia futi. Mlingoti ulikuwa boriti ya mkoko kwa asiye na fedha, bomba la chuma kwa mwenye nazo. Waya ulikuwa ule bapa wa ohm 300, unaopigwa na jua mpaka unakuwa mgumu na kukatika. Koaksi ilikuja kuwa ya kawaida baadaye. Juu kabisa, kwa wenye uwezo, tulifunga busta.

Kazi ilihitaji watu watatu. Mmoja juu ya paa anazungusha mlingoti, mmoja ndani anatazama kioo, na wa tatu dirishani anapeleka maneno: bado, bado, rudi kidogo, hapo hapo, umepitiliza! Mtaa mzima ulijua nani leo anafungiwa televisheni. Jioni za joto, upepo ukitulia juu ya bahari, picha ya Unguja ilifika safi kama iliyorushwa kutoka Mnazi Mmoja yetu ya Dar es Salaam. Kusi ilipovuma, milingoti iligeuka na tukapata kazi tena. Mjomba alikuwa akiitakia kusi maisha marefu.

Kuna jambo moja kuhusu teknolojia ile ambalo halisemwi sana. Analojia ilikuwa na huruma. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha haikufa, ilipata chenga. Watu walitazama taarabu na taarifa ya habari ndani ya chenga nzito, wakimtambua msomaji kwa sauti na kwa umbo la kilemba chake. Mteja mwenye fedha alinunua antena ndefu zaidi, asiye nazo alivumilia chenga. Wote wawili walilipa mara moja, na hakuna aliyekuja mwisho wa mwezi kumzimia mmoja wao.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango huku Bara. Mwaka uliofuata wakaja CTN, DTV na ITV, na mafundi wa Dar es Salaam tukawa na msimu ambao sijaona mfano wake. Antena zikageuzwa kutoka kaskazini kuelekea minara ya mjini. Kwa kuwa minara ilikuwa karibu, antena yenyewe ikawa kitu cha mchezo: vijiti viwili vya ndani vilitosha, na aliyevunja vijiti alichomeka uma au kipande cha waya, akaning'iniza mfuniko wa sufuria, picha ikashika. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Leo tunaiita TBC1. Seti nazo zikashuka bei. Trinitron zilizotumika zikaja kwa makontena kutoka Dubai, kisha zikaja Singsung mpya za madukani, na ile televisheni ya chogo, nzito ya kubebwa na watu wawili, ikaingia vyumba vya uswahilini.

Nyumba ya uswahilini, msomaji, haina mwenye nyumba na familia yake tu. Ina vyumba sita au vinane vyenye wapangaji, ukumbi katikati na uani. Antena moja juu ya bati ilihudumia nyumba nzima. Nilifunga kigawanyio darini, nikavuta waya kwenye kila chumba chenye seti, na kila mpangaji alitazama kituo alichotaka kwa wakati wake. Huyu yuko kwenye tamthilia, yule yuko kwenye mpira. Mpangaji akihama aliuacha waya ukutani, anayeingia akachomeka. Wasiokuwa na seti walikwenda banda umiza, kibanda cha kutazamia, kwa kiingilio kama nauli ya daladala. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mpango mpya wa kuhamia dijitali ulipokuja, walioupanga hawakuifikiria nyumba ya namna hii hata kidogo.

Mpango wenyewe haukuzaliwa kwetu. Juni 2006 nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, zikakubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 mitambo ya televisheni ya analojia isingelindwa tena mipakani dhidi ya mwingiliano. Sababu ilikuwa nzito, siikatai. Kituo kimoja cha analojia kilikalia peke yake kipande kizima cha masafa, megahezi 7 au 8. Kipande hicho hicho kikirushwa kidijitali kinabeba vituo kumi na zaidi, na masafa yanayobaki yanapewa kampuni za simu kwa ajili ya intaneti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijiwekea tarehe ya mapema zaidi: mwisho wa 2012.

Hapa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa leseni kwa kampuni tatu za kujenga na kuendesha mitambo ya kurushia: Star Media, iliyouza ving'amuzi vya StarTimes, Agape Associates, wenye Ting, na Basic Transmissions, wenye Digitek. Vituo vya televisheni viliacha minara yao, vikapeleka matangazo yao kwa kampuni hizo. Wananchi tuliambiwa tununue ving'amuzi, na tuliahidiwa kwamba chaneli tano za kitaifa, TBC1, ITV, EATV, Channel Ten na Star TV, zitaonekana bure daima.

Usiku wa manane wa tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilizimiwa analojia. Dodoma na Tanga zilifuata mwishoni mwa Januari, Mwanza mwishoni mwa Februari, Arusha na Moshi mwishoni mwa Machi, Mbeya mwishoni mwa Aprili. Nchi nyingine za Jumuiya zilisita ilipofika tarehe ile, Tanzania haikusita. Viongozi waliisifia hatua hiyo kwa muda mrefu, na kwa ratiba kweli walistahili sifa.

Januari ile kibanda changu kilijaa. Wengine walidhani seti zimeungua, wakazibeba kwenye baiskeli na matoroli. Ilinibidi kuwaambia mmoja mmoja kwamba seti ni nzima. Kilichozimwa ni mnara. Wengi hawakunisadiki, wakapeleka kwa fundi mwingine.

Tatizo la kwanza lilikuwa tundu. King'amuzi kilitoa picha kwa waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, na chogo nyingi za zamani zilikuwa na tundu la antena tu. Dawa yake ni modyuleta, kifaa kidogo kinachogeuza picha iwe kama inatoka kwenye antena, lakini zile nzuri ziliadimika madukani ndani ya wiki mbili na mbovu zikapanda bei. Njia nyingine ni kuifungua seti na kuunga waya wa picha ndani, baada ya chuna, sehemu inayochagua kituo. Nilifanya hivyo kwa seti nyingi, na nyingi nilizikataa. Katika baadhi ya televisheni za zamani, chasisi yenyewe inabeba umeme wa ukutani, hakuna kitu kinachoutenganisha. Ukiunga waya pale, umeme unatoka nje mpaka kwenye king'amuzi na kwenye kidole cha mtoto anayekichezea. Vijana wawili watatu mtaani kwetu waliifanya kazi hiyo bila kujua, na nashukuru sikusikia msiba.

La pili lilikuwa ile nyumba ya vyumba vinane. King'amuzi kinatoa chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukigawa waya wake kwa vyumba vyote, anayeshika rimoti ndiye anayewachagulia wote. Niliitwa kwenye ugomvi wa aina hiyo mara nyingi, na jibu nililokuwa nalo ni moja tu: kila chumba kinunue king'amuzi chake. Gharama iliyokuwa ya nyumba ikawa ya chumba. Hesabu za wataalamu zilihesabu kaya. Za uswahilini zilipaswa kuhesabu milango.

La tatu lilikuwa mabonde. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kuliko chochote kilichowahi kurushwa nchini, na hilo nalisema bila kinyongo. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha inaganda, inakatika vipande vya miraba, kisha kioo kinakuwa cheusi. Wateja wangu wa mabondeni Msimbazi, na wengine waliokuwa wamejificha nyuma ya maghorofa, walikuwa wamezoea kuona kwa chenga. Sasa hawakuona kabisa. Kuwaambia warudi kwenye mlingoti mrefu kama wa zamani za Unguja, baada ya kusikia kila siku kwamba dijitali ndiyo maendeleo, ilikuwa kazi ngumu.

Kisha kukawa na kifurushi. Mama mmoja wa Mwembechai, mteja wa siku nyingi, aliniletea king'amuzi chake akilalamika kwamba hata taarifa ya habari imetoweka. Nilikiangalia: fedha za mwezi zilikuwa zimekwisha na kila kitu kimefungwa, pamoja na chaneli ambazo tuliambiwa ni za bure. Tulipiga simu kwa kampuni husika, tukasikilizishwa muziki mpaka salio likaisha.

"Fundi," aliniambia, "hii televisheni niliinunua au nimepanga?"

"Uliinunua, mama."

"Basi mbona nalipa kodi?"

Sikuwa na jibu. Kisheria chaneli zile zilipaswa kubaki, na zilirudi siku chache baadaye bila maelezo yoyote. Lakini swali lake ndilo historia yote ya malalamiko haya kwa ufupi. Wanaoandika kwamba wananchi waliogopa teknolojia mpya hawakukaa kibandani kwangu. Watu wale wale walikuwa wameshanunua simu za mkononi na kujifunza kutumiana fedha bila kufundishwa na mtu. Hawakuogopa king'amuzi. Walikasirika kwamba kitu walichokimiliki kimegeuzwa, bila wao kuulizwa, kuwa kitu cha kulipiwa kila mwezi.

Wenye vituo nao hawakufurahi. Chama chao, MOAT, kililalamika mapema 2013 kwamba watazamaji wamepungua, na mtazamaji akipungua tangazo la biashara halilipi. Hawakurudishiwa analojia.

Kenya mambo yalikwenda kwa njia ya mahakama. Desemba 2012, shirikisho la watumiaji bidhaa, COFEK, lilikwenda Mahakama Kuu kwa hoja kwamba ving'amuzi ni ghali mno kwa mwananchi wa kawaida, na uzimaji ukasimamishwa. Baadaye Nation, Standard na Royal Media nao wakapigania leseni ya kurusha wenyewe badala ya kubebwa na kampuni za wengine, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi katikati ya Februari 2015, kampuni hizo tatu zilizima vituo vyao kabisa. Citizen, NTV, KTN na QTV hazikuonekana mpaka mwanzoni mwa Machi. Sisi tuliwacheka majirani kwa kuchelewa miaka miwili. Leo sicheki. Wao walichelewa kwa sababu mtu alisimama mahakamani kuuliza bei ya king'amuzi, swali ambalo kwetu liliulizwa vibarazani tu.

Na swali hilo lilikuwa na jibu. Marekani walizima analojia tarehe 12 Juni 2009. Tarehe ya kwanza ilikuwa Februari, wakaisogeza mbele kwa sababu watu wengi walikuwa bado hawajapata msaada. Msaada wenyewe ulikuwa kuponi mbili kwa kila kaya iliyoomba, kila moja ya dola 40, za kununulia kifaa cha kubadilisha mawimbi. Mwaka mmoja kabla, serikali yao ilipiga mnada masafa yaliyokuwa ya televisheni ikapata zaidi ya dola bilioni 19. Yaani waliouza masafa walichukua sehemu ya fedha wakamfidia aliyeondolewa. Uingereza, iliyomaliza Oktoba 2012, miezi miwili kabla yetu, iliwasaidia wazee na walemavu kununua vifaa na hata kuvifunga.

Kwetu masafa ya megahezi 700 yalipigwa mnada na TCRA mwaka 2018. Sidai kwamba fedha zile zingetosha kuwanunulia Watanzania wote ving'amuzi. Sisi si Wamarekani na hesabu zetu ni nyingine. Ninachosema ni kwamba miaka mitano na nusu ilikuwa imepita, na aliyewapisha wenzake kwenye masafa yale kwa fedha ya mfukoni mwake, yule mpangaji wa chumba cha nne, hakutajwa popote.

Sitaki kuonekana nimekasirika na kila kitu. Desemba 2013 Azam TV ilianza kwa njia ya satelaiti, ungo ukawa mdogo na wa bei inayofikika, na Ligi Kuu ya Bara ikaonekana moja kwa moja majumbani. Mimi mwenyewe nilifunga nyungo nyingi kuliko nilivyowahi kufunga antena, na nilikula vizuri. Filamu za hapa nyumbani zilipata chaneli zake. Kijiji ambacho hakikuwahi kufikiwa na mnara wowote sasa kinaona Simba na Yanga. Hayo yote ni kweli.

Lakini hata ungo nao ulikuja kuguswa. Agosti 2018 chaneli za bure za kitaifa ziliondolewa kwenye Azam, DStv na Zuku, kwa sababu TCRA ilisema leseni za kampuni hizo hazikuziruhusu kuzibeba; aliyetaka kuziona bure alitakiwa awe na king'amuzi cha antena. Mteja aliyetupa king'amuzi cha antena akanunua ungo sasa alihitaji vyote viwili, na rimoti mbili. Chaneli zilikuja kurudi baadaye. Katika wiki zile nilimfungia mzee mmoja wa Kigogo kifaa cha tatu tangu 2013, kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku tu.

Na wewe uliyebaki na king'amuzi cha antena, nikikuona unanunua "antena ya dijitali" kwa bei ya juu, nitakuzuia. Hakuna kitu hicho. Ile antena ya UHF iliyokuwa juu ya bati tangu enzi za analojia, kama vijiti vyake vizima na waya haujaoza, inashika dijitali vizuri kabisa. Wauzaji wengi wanalijua hilo.

Redio za FM bado ni analojia. Zimo kwenye kila jiko, kila bajaji na kila kibanda cha mlinzi, na ipo siku mtu atasimama na takwimu nzuri kueleza kwa nini nazo zihamishwe. Siku hiyo, msomaji, usikubali kuzungumzia ubora wa sauti kwanza. Uliza redio mpya itanunuliwa na nani, na uulize kabla mnara haujazimwa.